Mhusika Mmoja, Vyombo Vingi: Mfano wa Superman

Aghalabu wahakiki humchukulia mhusika kuwa ni zao la matini yake ya kwanza. Historia ya Superman, shujaa wa vibonzo vya Marekani, yaonyesha kwamba mhusika aweza kuumbwa na vyombo kadhaa, kila kimoja kikimtia sifa kwa mujibu wa haja zake.

Superman alitokea mwaka 1938 katika toleo la kwanza la jarida la Action Comics. Alibuniwa na Jerry Siegel, mwandishi, na Joe Shuster, mchoraji. Shujaa huyo wa awali hakupaa angani. Alichupa tu, masafa ya kadiri ya mita 200 kwa mchupo mmoja. Katika picha zilizotulia hilo lilitosha, kwani msomaji mwenyewe alijaza pengo lililokuwa baina ya picha moja na ya pili.

Redio ilipoanza kumwigiza mwaka 1940, picha ziliondoka, sauti ikabaki. Mwigizaji Bud Collyer alimpa Clark Kent, mwandishi mpole wa habari, sauti nyembamba, kisha akaishusha ikawa nzito Kent alipogeuka Superman. Sauti ikafanya kazi ya vazi. Kupaa nako kuliashiriwa kwa mvumo wa upepo. Mwaka 1943 redio hiyo hiyo ilimpa udhaifu: kriptonaiti, jiwe litokalo katika sayari yake na kumnyong'onyeza. Jiwe hilo halikuingia katika vibonzo hadi mwaka 1949. Hapa, basi, masimulizi ya mdomo ndiyo yaliyoyakopesha maandishi.

Sinema nayo ilikuwa na mipaka yake. Filamu ya mfululizo ya mwaka 1948 ilimtumia mwigizaji halisi, Kirk Alyn, lakini alipotakiwa kupaa ilibidi achorwe.

Kwa sura yake, mwenendo huu wafanana na fasihi simulizi, ambamo kila fanani huongeza lake. Hata hivyo, katika fasihi simulizi nyongeza hizo hubaki kuwa za jamii. Siegel na Shuster walilipwa dola 130 kwa hadithi ya kwanza, wakaachilia haki zote. Baada ya kesi waliyoifungua mwaka 1947, majina yao yaliondolewa katika kazi hiyo, yasirejeshwe hadi mwaka 1975, walipokubaliwa pia malipo ya kila mwaka. Watunzi walikuwa wengi. Mwenye mali alikuwa mmoja, naye hakuwa mtunzi.