Mkimbiaji Aliyekataa Kungoja

Mbio za mita 1,500 ni mizunguko mitatu na robo tatu ya kiwanja, na kwa miaka mingi wajuzi wake waliafikiana juu ya kanuni moja, kwamba mwenye akili hatangulii. Atanguliaye hupasua upepo kwa kifua chake, ilhali wamfuatao hupita katika kinga ya mwili wake kwa juhudi iliyo ndogo kuliko yake. Wao wanamwona naye hawaoni. Huwachukulia mzigo wa mwendo pasipo ujira, nao huutunza uwezo wao hata kengele ya mzunguko wa mwisho iliapo, ndipo wakachomoka wakamwacha. Bingwa wa mbio hizi, basi, alihesabiwa kuwa mtu wa subira na hila, na kijana aliyeongoza tangu mlio wa bastola alionwa kuwa ama mgeni wa mchezo ama mpumbavu.

Filbert Bayi hakuwa mgeni. Alizaliwa mwaka 1953 Karatu, katika nyanda za juu za kaskazini mwa Tanzania, akaingia jeshini, na katika Olimpiki ya Munich ya mwaka 1972 alishiriki mbio mbili akatolewa mapema katika zote mbili. Miezi michache baadaye, Januari 1973, alimshinda Kipchoge Keino wa Kenya katika Michezo ya Afrika mjini Lagos, na kumshinda Keino hakukuwa jambo la kila siku. Hata hivyo ushindi huo haukuondoa shaka ya wajuzi, maana katika majira ya joto ya mwaka uleule huko Ulaya kijana huyu alitangulia kwa kasi iliyowastaajabisha watazamaji, na mara nyingine akafikiwa; mathalan mjini Stockholm, katika mbio za maili moja, ambapo Ben Jipcho wa Kenya alimpita akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 52.0. Mtu mwingine angaliiona aibu ile kuwa hukumu, akarudi nyumbani kujifunza kukimbia kama wenzake.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo ninalotaka kulieleza. Kujiamini, kama kunavyohubiriwa siku hizi katika semina na vitabu vya mafanikio, hufanywa kuwa namna ya ulevi, kwamba mtu ajiambie asubuhi na jioni kuwa yeye ni mshindi, na ushindi utamjia kwa miguu yake. Mbio za Bayi zinaonyesha kinyume cha hayo. Kwa kadiri mtu awezavyo kuisoma hesabu yake katika mwendo wake, imani yake ilianza kwa kukiri upungufu: alijua kuwa kujibana katikati ya kundi, viwiko vikigongana na viatu vya misumari vikipita karibu na miguu, kisha kungoja mapambano ya mita mia za mwisho, kungalikuwa kuwaachia wapinzani wachague silaha, nao wangalichagua ile waliyoizoea wao. Alilokuwa nalo yeye ni uwezo wa kustahimili kasi ambayo wengine waliiogopa. Akaazimia kwamba vita vipiganwe mapema, mahali ambapo udhaifu wake haungekuwa na kazi.

Tarehe 2 Februari 1974 ikafika fainali ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand. Wenyeji walikuwa na vijana wawili wa kutumainiwa, John Walker na Rod Dixon, na Dixon alikuwa ameshatwaa medali ya shaba Munich. Jipcho, aliyempita Stockholm, alikuwa na dhahabu mbili za michezo hiyohiyo, ya mita 5,000 na ya kuruka viunzi na maji. Bastola ilipolia Bayi akaondoka kama kawaida yake. Mita 800 alizipita kwa dakika 1 na sekunde 52, nyuma yake pakiwa na uwazi wa mita zipatazo 20, na bila shaka walikuwapo uwanjani waliokwisha kumhurumia, wakingoja kumwona akiishiwa nguvu. Lakini wakimbiaji wa nyuma nao walikuwa katika shida ambayo kanuni ya zamani haikuitabiri: kumwacha aende ni hatari, kumfuata ni kuchoka mapema, na kila hatua waliyositasita ilikuwa hatua yake. Walipoingia mstari ulionyooka Walker alikuja kwa nguvu nyingi, umma wa nyumbani ukimshangilia, akakaribia, akazidi kukaribia, wala asimpite. Bayi alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi mpya ya dunia. Walker kwa 3:32.52, naye pia akiwa chini ya rekodi ya Jim Ryun wa Marekani ya 3:33.1 iliyokuwa imedumu tangu 1967. Jipcho akawa wa tatu. Rekodi ile ya dunia ilidumu hata mwaka 1979, alipoivunja Sebastian Coe wa Uingereza, na ile ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ilikaa miaka 48, mpaka Oliver Hoare wa Australia alipoiondoa mwaka 2022.

Miaka mitatu baada ya Christchurch, mwanasaikolojia Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford alichapisha nadharia iliyokuja kuwa mashuhuri, akieleza kuwa yakini ya mtu juu ya uwezo wake hutoka katika chemchemi nne: kazi aliyokwisha kuifanya akafaulu, kuwaona watu mfano wake wakifaulu, maneno ya wengine wamtiao moyo, na hali ya mwili wake mwenyewe anavyoifasiri. Iliyo na nguvu kupita zote ni ile ya kwanza. Maneno matupu, ambayo ndiyo biashara ya wahubiri wa mafanikio, yamo miongoni mwa zilizo dhaifu. Bayi alikuwa na Lagos nyuma yake. Ya pili nayo haikukosekana, maana mwaka 1968, katika hewa nyepesi ya mji wa Mexico, Keino alikuwa amemshinda Ryun huyohuyo kwa kuianza mbio kwa kasi kubwa, akivutwa mzunguko wa kwanza na Jipcho, kwa hiyo Mwafrika wa Mashariki aliyetaka kushinda kwa ujasiri wa mapema alikuwa na wa kumtazama. Yakini iliyojengwa hivyo na ghururi zatofautiana kwa jambo moja, kwamba ghururi haivumilii kushindwa hata mara moja, ilhali yakini huweza kushindwa Stockholm ikaja tena Christchurch na mwendo uleule.

Wala tusidhani kwamba yakini huishinda kila kadari. Mwaka 1975 Bayi aliivunja na rekodi ya maili moja, kwa 3:51.0 mjini Kingston, Jamaika, nayo ikamdumu miezi michache tu kabla Walker hajaichukua. Ulimwengu ukangoja wakutane Montreal mwaka 1976. Lakini Tanzania na mataifa mengi ya Afrika yakaisusia Olimpiki ile kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na Walker akatwaa dhahabu bila ya mpinzani wake. Huo ulikuwa uamuzi wa haki, na nitautetea popote. Ila gharama yake aliilipa kijana aliyekuwa katika ubora wake. Mwaka 1980 mjini Moscow, akiwa amehamia mbio za kuruka viunzi na maji, aliongoza tena kwa mwanya mkubwa, na mara hii Bronisław Malinowski wa Poland alimfikia katika mzunguko wa mwisho. Fedha yake hiyo na ile ya Suleiman Nyambui katika mita 5,000 ndizo medali pekee Tanzania iliyopata kuzileta nyumbani kutoka Olimpiki. Baadaye Bayi alianzisha shule, akatumikia Kamati ya Olimpiki ya nchi yake kwa muda mrefu.

Septemba 2025, mjini Tokyo, askari mwingine wa Tanzania, Alphonce Simbu wa Singida, aliipatia nchi dhahabu yake ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa riadha, katika marathoni, kwa njia ambayo Bayi asingeichagua kamwe. Alikaa na kundi la mbele kilomita baada ya kilomita, akaingia uwanjani na wenzake, na Amanal Petros wa Ujerumani akiwa mbele yake katika mita za mwisho Simbu alitoa kasi aliyoitunza kwa zaidi ya saa mbili, wakafika kwenye utepe kwa muda uleule wa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, hata ikabidi picha itazamwe ili ijulikane nani ametangulia kwa sehemu 3 za mia za sekunde.