MFUKO WA ZANA ZA KUFUNGULIA VIPURI: JINSI YA KUUCHAGUA NA KUUBEBA

Na Mkaguzi wa Ushirika, Nyahanga, Kahama

Vyama vya msingi vyenye trekta, lori au mashine ya kusaga huhitaji mara kwa mara vipuri ambavyo havipatikani tena madukani, au ambavyo bei yake ni kubwa mno vikiwa vipya. Hapo chama humtuma mjumbe pamoja na fundi kwenda Kahama mjini, Shinyanga, Geita au Mwanza, katika viwanja vya magari na mitambo mibovu, ili wakafungue kipuri katika chombo kilichokufa. Safari hiyo hula nauli, posho na siku za kazi, na fedha zote hizo ni za wanachama. Makala haya yanaeleza zana zipi zichukuliwe, na zibebwe vipi, ili wajumbe wasirudi mikono mitupu.

Umuhimu wa jambo hili huonekana zaidi wakati wa kilimo. Katika Kanda ya Magharibi mkulima wa pamba hushauriwa kupanda kati ya tarehe 15 Novemba na 15 Desemba. Trekta la chama likisimama juma moja ndani ya mwezi huo, wapo wanachama watakaochelewa kupanda, na hasara yao haitafutwa na kipuri kitakachopatikana Januari.

KIPIMO KWANZA, SPANA BAADAYE

Wengi hudhani kwamba mfuko mzuri ni ule uliojaa. Sivyo. Mfuko mzuri ni ule ambao spana zake zinalingana na nati zitakazofunguliwa. Kwa hiyo kazi ya kuchagua zana huanzia nyumbani, mbele ya mtambo wa chama wenyewe: fundi afungue kipuri kilichoharibika, na aandike kila spana aliyoitumia. Orodha hiyo ndiyo msingi wa mfuko.

Hapana budi kutofautisha vipimo vya inchi na vya milimita. Matrekta ya zamani kutoka Uingereza, kama Massey Ferguson 135 lililoanza kutengenezwa mwaka 1964, pamoja na Land Rover za zamani, yana nati nyingi za inchi. Magari ya Japani, kama Toyota na Isuzu, hutumia milimita, na aghalabu spana zinazohitajika ni namba 10, 12, 14, 17 na 19.

Anayefungua nati ya inchi kwa spana ya milimita hujitafutia taabu. Nati ya nusu inchi ina upana wa milimita 12.7; spana namba 13 huingia, lakini hucheza, na nati yenye kutu huviringika pembe zake. Nati ya inchi 9/16 ina upana wa milimita 14.3, spana namba 14 haiingii, na namba 15 hulegea. Nati ya robo tatu ya inchi, kwa upande wake, inakaribiana sana na namba 19. Nati ikishaviringika, kazi ya dakika tano huwa ya nusu siku, na pengine kipuri chenyewe huvunjwa kwa nyundo.

VITU VYA KUWEKA MFUKONI

1. Spana za pete za vipimo vilivyoorodheshwa. Spana ya pete huishika nati pande zote, hivyo ni bora kuliko ya mdomo wazi kwa nati zenye kutu.

2. Soketi za vipimo hivyo hivyo, pamoja na mkono wake na kipande cha kurefushia.

3. Bisibisi mbili, bapa na ya nyota, koleo, nyundo ya wastani, na tindo.

4. Msumeno wa chuma na nyembe mbili za akiba.

5. Brashi ya waya, na chupa ndogo ya dizeli iliyochanganywa na oili. Nati isuguliwe, ilowanishwe, kisha iachwe kwa muda kabla ya kuvutwa.

6. Rula ya chuma, chaki, daftari, na kipuri kibovu chenyewe ili kiwe sampuli. Hesabu meno, pima matundu na unene wa shafti kabla ya kulipa. Simu itumike kupiga picha ya waya na mabomba kabla ya kuyafungua.

7. Glovu ngumu na vitambaa. Betri za magari zina asidi inayounguza ngozi na macho.

Jeki nzito isibebwe, iulizwe uwanjani. Lakini mtu yeyote asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake au lililokalishwa juu ya matofali. Matofali hupasuka bila kutoa onyo. Yatumike magogo imara, na kama hayapo, kipuri hicho kiachwe.

NAMNA YA KUUBEBA

Mfuko wa turubai wenye mikanda miwili ya mabegani hufaa kuliko sanduku la chuma, kwa sababu mjumbe hupanda basi, kisha pikipiki, kisha hutembea. Uzito usizidi kilo 10. Zana nzito ziwekwe chini, zenye ncha zifungwe kwa kitambaa, na chupa ya mafuta isimamishwe wima, imefungwa barabara. Ndani ya basi mfuko ukae karibu na mwenye dhamana.

HESABU NA UHALALI

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Zana za chama ziandikwe katika rejista ya mali. Kila safari iwe na orodha ya nakala mbili, moja ibaki kwa katibu na nyingine iende na mfuko. Zana zihesabiwe kabla ya kuondoka uwanjani, kwa kuwa spana nyingi hupotea kwa kusahauliwa ndani ya injini ya gari lililofunguliwa.

Kipuri kinunuliwe kwa mwenye mali au wakala wake anayejulikana, si kwa mlinzi wa usiku. Risiti ya mashine ya EFD idaiwe, na namba ya chesisi ya gari lililotoa kipuri iandikwe. Kununua mali ya wizi kwa kujua ni kosa la jinai, na kipuri kisicho na risiti kitazua hoja siku wakaguzi wa COASCO watakapofungua vitabu.

Makatibu wanashauriwa kuandaa mfuko huu mapema, kabla ya mvua za Novemba, na kuwasilisha orodha yake katika kikao cha Bodi ili gharama zake ziidhinishwe.