Swali la mama muuza maandazi lilivyonivua nguo!

USIMWONE mtu anapita na mkoba begani, miwani usoni, ukadhani mambo yake safi. Mimi nilikuwa mmoja wao. Mwaka 2018 nilikuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, nasomea shahada ya uzamili ya kemia. Mtaani walishaanza kuniita “dokta” kabla ya wakati. Lakini nisikufiche msomaji, kuna siku dokta huyo alikunywa chai ya rangi mchana akaiita chakula.

Sikuwa na mfadhili. Ada ya mwaka wa kwanza alinilipia kaka yangu, na ilibidi auze kiwanja chake. Ya mwaka wa pili akaniambia, “Mdogo wangu, mimi hapa nimegota.” Basi nikafanya wanachofanya wengi wenye vyeti vya sayansi hapa mjini: nikaanza tuisheni za majumbani.

Soko la kazi hiyo halina shida. Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada mpaka kidato cha nne, lakini darasa likijaa na mwalimu wa kemia akiwa mmoja, mzazi mwenye uchungu lazima atafute mtu wa kumkalisha mwanawe chini. Ukisema tu kwamba uko Mlimani na unafundisha Fizikia na Kemia, simu haitulii.

Katikati ya mwaka 2019 nilikuwa na wanafunzi watano. Wawili nataka uwajue.

Wa kwanza alikuwa kijana wa Mikocheni. Kwao geti, mlinzi, mbwa na kiyoyozi. Shilingi 20,000 kwa saa mbili, juisi na sambusa juu. Baba mtu alikuwa ananitumia pesa kwenye simu kabla sijafika kituo cha daladala.

Wa pili alikuwa binti wa Manzese, kidato cha nne. Mama yake aliuza maandazi asubuhi na chapati jioni. Malipo shilingi 5,000, nyingine sarafu, noti zinanukia mafuta ya kupikia. Nikifika napiga “Shikamoo mama”, naye anajibu “Marahaba baba, karibu mwalimu”, kisha anafuta meza kwa kanga yake ili tuanze.

Binti yule hakuwa mjinga hata kidogo. Tatizo alisoma kwa kukariri. Amesoma Kiswahili shule ya msingi nzima, amefika sekondari masomo yote Kiingereza, basi akashika maneno bila kushika mambo. Kwa mfano moli. Alikuwa anaitaja maana yake kama wimbo, lakini ukimpa hesabu anaduwaa. Nikamwuliza, “Dazani ya maandazi ya mama ni mangapi?” Kumi na mawili. “Na dazani ya mayai?” Kumi na mawili. Uzito ni sawa? Akacheka, hapana. Nikamwambia moli ndiyo dazani ya wakemia, ila hesabu yake ni kubwa mno: 6 ikifuatwa na sifuri 23, na kidogo juu. Moli ya maji ina uzito wa gramu 18, ya chumvi gramu 58.5. Idadi ile ile, uzito mbalimbali. Siku ile alifanya maswali manne bila kuniuliza kitu.

Wakati huo huo chuoni nilikuwa na utafiti wangu. Waliokulia upande wa Arusha na Meru wanayajua meno ya kahawia. Yale yanaletwa na floraidi iliyozidi kwenye maji. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja, na viko visima vya kule vinavyopita hapo mara kadhaa. Mkaa wa mifupa ya ng’ombe unaweza kuinasa, nami nilikuwa nachoma mifupa hiyo kwenye tanuri la maabara kwa hewa kidogo. Ikiiva vizuri inatoka nyeusi. Moto na hewa vikizidi inatoka nyeupe kama chaki, na uwezo wake wa kunasa unashuka. Kwa hiyo tanuri halitaki uliache peke yake.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kugongana. Tanuri likichelewa, inabidi nikose kipindi mahali. Nikakosa Manzese. Wiki iliyofuata msimamizi wangu akaniita ghafla. Nikakosa Manzese tena. Nikatuma ujumbe: “Samahani mama, chuo kimenibana.” Mara ya tatu nikajikuta naona ni kawaida.

Nilipokwenda baadaye, nikamkuta mama anasukuma chapati. Nikaanza kujieleza: maabara, tanuri, msimamizi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza bila hasira, mkono bado uko kwenye mti wa kusukumia:

“Mwalimu, na huko kwa wenye mageti nako unakosa?”

Jamani! Nilitafuta jibu sikuliona. Ukweli ni kwamba Mikocheni sikuwahi kukosa hata siku moja. Mvua ikinyesha nilikwenda. Nikiumwa kichwa nilikwenda. Kumbe chuo kilikuwa kinanibana siku za elfu tano tu!

Mama hakusubiri jibu. Akaendelea: “Wewe baba ukikwama shule yako, unayo digrii moja mkononi. Huyu mwanangu akikwama Novemba, anakuja kukaa hapa kwenye jiko na mimi.” Binti alikuwa amesimama mlangoni na daftari lake, anatazama chini.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikawapigia wazazi wa wanafunzi wawili wa mbali, nikawaomba radhi na kuwaelekeza kwa mwenzangu. Nikabaki na watatu. Manzese nikafidia vipindi vyote nilivyokosa, bure.

Kulikuwa na jambo lingine pia. Mtihani wa vitendo ulikuwa unakaribia na binti hajawahi kushika bureti peke yake. Shuleni kwao walikuwa wanaizunguka moja watu kumi. Nikaenda duka la dawa nikanunua bomba la sindano. Mama akatoa choya, magadi na limau. Tukachemsha choya, tukamimina kidogo kwenye maji ya magadi, yakageuka rangi ya kijani. Binti akachukua bomba lenye maji ya limau, akadondosha tone, akatikisa, tone, akatikisa, anasoma kiasi na kuandika. Mapovu yakatoka, rangi ikabadilika, na mwisho ikawa nyekundu. Akarudia mara tatu mpaka vipimo vikakaribiana. Nikamweleza kwamba kwenye mtihani anaweza kupewa methili orenji, nayo inaanza na njano kwenda kwenye wekundu, lakini mkono na jicho ni vile vile. Mama aliacha chapati zikaungua akiangalia.

Usidhani hayo yalikuja bila gharama. Wiki moja kabla ya mtihani wa vitendo, tanuri lilikuwa linawaka na saa ya Manzese imefika. Mwenzangu wa maabara akasema, “Nenda, nitakuangalizia.” Nikaenda. Naye akapata dharura yake, akaondoka. Kesho yake nafungua tanuri, mifupa yote nyeupe pee! Kazi ya wiki tatu, kuosha, kukausha, kuponda, imekwenda na maji. Msimamizi alinitazama, akasema, “Kijana, chagua.” Joho nililivaa mwaka mmoja nyuma ya wenzangu.

Matokeo yalitoka Januari 2020. Kijana wa Mikocheni alipata B ya Kemia, na nina hakika angeipata hata bila mimi. Binti wa Manzese alipata C, Fizikia D, akapata nafasi ya kuendelea na kidato cha tano. Mama alinipigia simu analia na kucheka kwa pamoja. Kesho yake nikaletewa ndoo ndogo ya maandazi. Sikuyahesabu, lakini yalizidi dazani tatu.

Sasa wewe unayesoma digrii ya pili na mfuko umetoboka, sikukatazi tuisheni. Mimi ilinilisha. Ila kabla hujapokea mtoto wa mtu, angalia ratiba yako ya chuo kwanza, chukua wachache unaowamudu, na ukibanwa kweli, mzunguko wa kukosa uwafikie wote, wa elfu ishirini na wa elfu tano.

Na wewe mzazi, usiogope kumwuliza mwalimu kama alivyouliza mama yule. Akikasirika, tafuta mwingine. Akitazama chini kama mimi, mpe nafasi ya pili.

Au nasema uongo?