Nyangumi huponaje anaporudi kuvuta pumzi?

Kuanzia Julai hadi Oktoba hivi, nyangumi wenye nundu hutoka katika bahari baridi ya kusini ya dunia na kuja kuzaa katika maji ya Msumbiji. Wavuvi wa Palma, kisiwa cha Vamizi na Pemba huwaona wakiibuka, wakipuliza mvuke, kisha wakizama tena. Kinachowashangaza wanasayansi si pumzi wanayoizuia huko chini pekee, bali namna wanavyosalimika wanaporudi juu.

Nyangumi ni mamalia kama sisi. Azamapo, mishipa yake hubana, damu ikaelekezwa zaidi kwenye ubongo na moyo. Figo na utumbo huambulia kidogo. Aibukapo, damu yenye oksijeni hurejea kwa ghafla, na hapo ndipo penye hatari. Sehemu ya oksijeni hiyo hugeuka molekuli kali zinazoshambulia mafuta, protini na vinasaba vya seli, mithili ya kutu ilavyo nanga iliyosahauliwa ufukweni.

Madhara haya madaktari huyaona hospitalini. Mshipa wa moyo ukiziba, misuli hufa kwa kukosa oksijeni. Ukizibuliwa, jambo ambalo sharti lifanyike upesi, oksijeni inayorudi huweza kuongeza jeraha. Ndivyo ilivyo pia kwa kiharusi na kwa figo iliyopandikizwa.

Mamalia wa baharini wana kinga ya kutosha. Seli zao huweka akiba kubwa ya glutathioni, pamoja na vimeng'enya vinavyozima molekuli hizo kabla hazijadhuru. Mengi ya haya yamejulikana kupitia sili, maana nyangumi hapimiki kwa urahisi. Watoto wa sili-tembo, wakiwa wamelala nchi kavu, huacha kupumua kwa dakika kadhaa, na kila wafanyapo hivyo seli zao huzidisha utengenezaji wa glutathioni. Binadamu ambaye pumzi humkatika usingizini hana bahati hiyo: moyo na mishipa yake huchakaa.

Je, vidonge vya antioksidanti vinavyotangazwa kila mahali vingetufaa? Tusiharakishe. Utafiti wa Ufini uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba wavutaji sigara waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa wingi zaidi kuliko wasiopewa. Sili hamezi kinga yake. Huiunda ndani ya seli, mahali na wakati inapohitajika. Namna ya kuiamsha kinga ya aina hiyo katika moyo wa mgonjwa, kabla mshipa haujazibuliwa, ndiyo inayotafutwa sasa katika maabara.