Mzigo Ukizidi: Cheza Fallout 76 Bila Kumaliza Salio Lako

Ijumaa moja usiku, mwenzetu hapa ofisini alikuwa amekaa saa mbili nzima akiokota vitu kwenye Fallout 76. Skrubu, gundi, alumini, tapureta kuukuu, yaani kila kitu. Mzigo ukazidi. Akawa hawezi kukimbia wala kuruka kwa ramani hadi kambini kwake. Akaamua kutembea polepole. Njiani akavamiwa, akafa, na vile vyuma chakavu vyote vikabaki chini. Aliporudi pale, mtu mwingine alikuwa ameshaviokota.

Kwa hasira akalipia uanachama wa mwezi ili apate nafasi ya kuweka vitu bila kikomo. Ilikuwa tarehe 5. Mwezi uliofuata, tarehe 5 hiyo hiyo, aliamka akijiandaa kulipa nyumba. SMS ilikuwa imemtangulia: uanachama umejilipa wenyewe, na kodi imepungua. Mwenye nyumba naye hataki kusikia habari za gemu.

Hakuna aliyemwibia. Alisahau tu. Ndiyo maana leo tunaongea kuhusu mzigo: ule wa kwenye gemu na ule unaokujia kwenye simu.

Uzito unahesabiwaje?

Fallout 76 ilitoka Novemba 2018, na hadithi yake iko West Virginia, Marekani, baada ya vita vya nyuklia. Mhusika wako anaanza na uwezo wa kubeba uzito wa 150, na kila alama moja ya nguvu inamwongezea 5. Nguvu ikiwa 10, unabeba 200. Ikiwa 15, ni 225. Ukipita hapo huruki kwa ramani, na kila hatua inakula pumzi yako.

Mbali na begi, una sanduku la akiba. Unalipata kambini kwako na kwenye vituo vya treni, na ni lile lile popote ulipo. Lakini nalo lina kikomo. Mwanzoni lilikuwa 400, likapandishwa hadi 600 Desemba 2018, na kufikia mwaka 2020 likawa 1,200. Je, wachezaji waliacha kulalamika? Wapi! Ni kama mshahara: ukiongezwa, matumizi nayo yanaongezeka, na mwisho wa mwezi ni ule ule.

Punguza kabla hujalipa

Kabla hujatoa shilingi, jaribu haya. Yote ni bure.

1. Vunja vitu kwenye meza ya ufundi. Usibebe feni nzima ya mezani wakati unachotaka ni skrubu zake. Ukiivunja, unabaki na vipande tu, na mara nyingi ni vyepesi kuliko kitu kizima.

2. Kagua silaha. Una bunduki kumi, unatumia mbili. Zile nane unaziwekea nani? Zivunje au ziuze. Makombora na mabomu madogo ya nyuklia nayo ni mazito, kwa hivyo usiyabebe kama huna silaha ya kuyarusha.

3. Tumia kadi za uwezo. Ziko zinazopunguza uzito wa dawa, chakula na risasi. Angalia kwanza ni nini hasa kinakulemea, halafu uchague kadi ya hicho.

4. Uza mapema. Kumbuka bidhaa ulizopanga kwenye mashine ya kuuzia kambini bado zinahesabiwa ndani ya sanduku lako. Kama haziendi, shusha bei.

5. Pitia sandukuni mara kwa mara. Ukifa, vile vyuma chakavu ulivyobeba vinaanguka. Vilivyo sandukuni viko salama. Mwenzetu alipita karibu na kituo cha treni mara mbili usiku ule. Hakusimama.

Hiyo ya tano inafanya kazi hata kwenye simu. Usitembee na pesa yote kwenye salio unalotumia kila siku. Kodi na karo ziweke kwenye akiba siku ile ile pesa inapoingia, kabla hujaanza kununua hiki na kile.

Bado unataka kulipia? Piga hesabu kwanza

Hatusemi usilipe. Gemu ni burudani kama mpira au nyama choma. Uanachama wa Fallout 1st ulipoanzishwa Oktoba 2019, bei ilikuwa dola 12.99 kwa mwezi au dola 99.99 kwa mwaka. Ukilipa kila mwezi kwa miezi 12, inafika dola 155.88. Tofauti ni karibu dola 56. Lakini wa mwaka ni rahisi kwako tu kama utacheza mwaka mzima. Kama unacheza likizo peke yake, mwezi mmoja unatosha.

Kuna jambo wengi hawalijui: uanachama ukiisha, vile vipande ulivyoweka kwenye lile sanduku lisilo na kikomo havipotei. Unaweza kuvitoa, ila huwezi kuongeza vingine. Kwa hivyo usiendelee kulipa kwa kuogopa tu.

Ukiamua kulipa, fanya hivi:

- Angalia bei kwa shilingi kabla ya kuthibitisha. Dola hupanda na kushuka, na huenda kukawa na ada ya kubadilisha pesa.
- Zima malipo ya kujirudia mara tu baada ya kulipa, kama unataka mwezi mmoja. Kufuta gemu kwenye kompyuta hakusimamishi malipo. Rudi mahali uliponunulia uanachama, usitishe hapo.
- Weka kwenye kadi ya mtandaoni kiasi kile tu unachotaka kutumia.
- Kama kuna watoto nyumbani, hakikisha kila ununuzi unaomba nenosiri.
- Usinunue vitu vya gemu kwa mtu wa kwenye gumzo anayekwambia utume pesa kwanza. Ukituma, amepotea. Na PIN yako usimpe mtu yeyote, hata akisema ametoka kwetu.

Mwenzetu bado anacheza. Siku hizi anasimama kila kituo cha treni, anaacha mzigo, anaendelea. Na kodi? Inatoka tarehe 1, kabla hajagusa gemu.

Leo jioni, kabla hujaingia kucheza, fungua orodha ya malipo yako ya miezi mitatu iliyopita. Ukiona jina usilolikumbuka linalojirudia kila mwezi, huo ndio mzigo wa kwanza wa kutua.