Wageni wa Kupumzika Shambani: Habari za Bamburi

Ndugu mkulima, huenda umepata kuwaona watu wa mji, mtu na mkewe, wakishuka garini siku ya Jumamosi penye shamba la mtu. Huketi chini ya mwembe wakanywa madafu, wakala wali wa nazi na samaki, wakalala usiku mmoja, na Jumapili wakalipa fedha ambazo mwenye shamba hakuzipata kwa mahindi yake. Labda ulicheka ukasema, hawa wamelipa ili wakae kivulini! Usicheke sana. Kivuli nacho ni zao, lina kazi yake na lina hasara yake.

Ukitaka kuona jinsi zao hili linavyopatikana, nenda Bamburi, kaskazini ya Kisauni, kando ya barabara iendayo Malindi. Hapo pana bustani iitwayo Haller Park. Ukiingia utaona msitu, mabwawa ya samaki, twiga na pofu, na watu wawili wawili wakitembea polepole. Huwezi kuamini ya kuwa palikuwa shimo. Kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1954, na mawe ya matumbawe yakachimbwa mpaka ukabaki mwamba mtupu, hauna udongo, jua linauchoma, na maji yaliyo chini yake ni ya chumvi.

Mwaka 1971 Bwana René Haller, mtaalamu wa kilimo mzaliwa wa Uswisi, alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26, na zilizosalia ni 3 tu: mvinje, mnazi, na mti mmoja wa asili ya Somalia. Mvinje ulishinda yote. Huvumilia chumvi, na katika mizizi yake hukaa vijidudu vinavyoshika naitrojeni ya hewani, kama vile kunde zinavyofanya shambani mwako. Lakini majani yake yalianguka yakalala vile vile, hayaozi. Ndipo alipoonekana jongoo mweusi mwenye miguu myekundu, yule ambaye watoto wetu humgusa ajikunje, akiyala majani yale. Wakaletwa jongoo kwa mamia. Kinyesi chao kikawa mboji, na mboji ikawa udongo. Ilipita miaka kumi na zaidi kabla ya watu kufunguliwa njia ya kutembea humo. Tangu hapo wageni hawakukoma, na baada ya tsunami ya Desemba 2004 sifa za kiboko mdogo Owen na kobe mkubwa Mzee, waliofanya urafiki hapo, zilienea dunia nzima.

Si mbali na hapo kuna Nguuni. Jioni watu huenda kuketi penye mikoche, wakitazama mbuni na pofu huku jua likizama. Jiulize wamefuata nini. Wamefuata utulivu, upepo, chakula kizuri na choo safi. Hayo ya mwisho mawili nayataja kwa makusudi, kwa maana mgeni atasamehe kitanda kigumu, lakini choo kichafu hasamehe.

Sasa tuje kwako mwenye ekari chache katika skimu. Twiga huna, wala huhitaji. Hatari yako ni moja: kukopa fedha na kuweka hati ya shamba rehani ili ujenge mabanda matano, kabla hujampata hata mgeni mmoja. Wageni wa pwani ni kama mvua. Huja kwa wingi Desemba na Pasaka, kisha masika yakiingia njia huwa nyeupe. Na iko miaka ambayo hawaji kabisa. Baada ya vurugu za Likoni, Agosti 1997, hoteli zilikaa tupu. Mwaka 2020, kwa ajili ya korona, nyingi zilifunga milango. Mwenye muhogo na minazi alikula. Aliyeng'oa mikorosho yake ili ajenge vyumba, mkopo ulimngoja pale pale.

Basi anza na wageni wa mchana: mkeka, kivuli, chakula kimoja kizuri. Hesabu kila senti, nayo kazi ya mkeo uihesabu. Yeye ndiye atakayepika, atakayefua mashuka na kutabasamu hata akiwa amechoka. Ikiwa hapati fungu lake, umekula mshahara wa mtu. Kabla ya kulaza wageni, uliza katika ofisi ya kaunti habari za leseni, afya ya chakula na ruhusa ya kubadili matumizi ya ardhi. Na kama deni la skimu halijaisha, uliza kwanza katika ofisi ya ardhi nini umekatazwa.

Mvinje waweza kupanda mvua hizi zinazokuja, mpakani, usiubanane na mihogo. Baada ya miaka minne au mitano punguza, uza iliyokatwa kuwa nguzo za kujengea, na iliyonyooka vizuri uiache isimame upande ule ambao ungependa mgeni aketi.