Ofisi ya Kazi Chuoni: Ni Nani Wamo?

Ndugu wanavikundi, wengi huuliza: ile ofisi ya kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi inaandika watu? Hapana. Waliomo ni washauri na makarani. Mshauri hukaa na mwanafunzi, anamuuliza anaweza nini, anamrekebishia barua ya maombi, anamfanyisha mazoezi ya intavyu. Pia huwatafuta waajiri na kuwaalika chuoni. Mtoto wa hapa Kianda hana mjomba meneja; basi hao ndio wajomba wake. Asingoje kuhitimu, aende mwaka wa kwanza.

Aliyekwisha maliza anaweza kujiandikisha kwa Mamlaka ya Taifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya 2016.

Na mtu akikuambia, "Niko na mtu pale ndani, leta elfu tano," huyo ni broka. Wale hawana kazi ya kugawa. Pesa ya mzunguko msimpe.